Mzee Ratiba na Kichwa cha Kumi na Mbili

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, mimi kitindamimba wake, fundi wa simu, nanyi mnivumilie sauti ikikatika.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa mlinzi wa kituo cha treni, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, na tarehe 2 Januari 1967 akaajiriwa karakana ya reli, alikotengeneza vichwa vya treni miaka arobaini na moja na kuitwa Mzee Ratiba, kwa kuwa hata tukitumwa dukani alitaka kujua saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Alimwoa mama tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2008, akageuza chumba chetu cha kulala kuwa reli ndogo, meza ya mita nne yenye kituo, madaraja na vichwa kumi na viwili vya treni vya ukubwa wa kiganja. Kilichomkera ni kwamba umeme ukiwashwa vyote viliondoka pamoja, kama mbuzi waliofunguliwa zizini, basi mwaka 2019 akaanza kuvifungia chipu za kidijitali, ili kila kimoja kiwe na namba yake na kitii amri yake.

Mikono ilianza kumtetemeka Februari 2022, lakini hakuacha. Tarehe 9 Septemba 2023 alimaliza kulehemu kichwa cha mwisho, akakiacha wazi mezani, akaenda kujinyoosha. Mimi nikakisafisha ili kumfurahisha, nikatoa kipande cha plastiki, kidogo kama ukucha, nikidhani ni taka, kumbe ndicho kilichotenganisha mota na umeme wa reli. Aliporudi akawasha, moshi ukatoka, chipu ikaungua, naye akatazama viganja vyake akasema, "Mikono imeniishia, mwanangu."

Nilijua kosa ni langu, lakini sikumwambia; kile kipande nikakitia mfukoni. Hakuingia tena chumba kile.

Alilazwa kwa nimonia tarehe 20 Mei 2024, akafariki Jumapili, tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, akimwacha mama, sisi watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea viti, na wenzake wa karakana, waliofika leo kabla yetu kama alivyowazoesha. Jana nilikifungua kichwa kile, nikakagua lehemu zake zote, hakuna hata moja iliyoachia. Kipande cha plastiki ninacho hapa.

Baba, mikono yako haikukosea, iliyokosea ni yangu. Pumzika kwa amani.