Mgeni wa Kasisi Ellingworth

Poleni na baridi, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni motoni, maana leo nina habari ya mtu wetu. Bi Dorcas Ellingworth, mwandishi wa riwaya, amefariki hapa kijijini Skelby akiwa na miaka themanini na sita. Jana tulimzika. Tulikuwa watu tisa, pamoja na mchimba kaburi.

Watu tisa! Na vitabu vyake vilisomwa nchi nzima enzi za Malkia, karne iliyopita. Ila wengi walimjua kwa jina jingine. Narudia, asije mtu akapotea: Dorcas Ellingworth ndiye aliyekuwa Giles Farrant.

Kwa nini jina la kiume? Alipokuwa na miaka ishirini, Dorcas alimwambia baba yake, Kasisi Septimus, kwamba anataka kuandika riwaya. Kasisi alimjibu Jumapili, mimbarini, mbele ya kijiji kizima. Alisema mwanamke anayeandika riwaya huacha chungu chake kiungue ili apike uongo. Watu wote wakageuka kulitazama benchi la mbele, alipoketi Dorcas.

"Shangazi aliniambia alihesabu vifungo vya glavu zake mpaka sala ya mwisho," anasema Bi Winifred, mtoto wa kaka yake.

Mama alikwisha kufa. Kaka alioa akahamia mji wa Hull. Dorcas akabaki na baba, kwa sababu binti asiyeolewa hubaki, wala hakuna aliyemuuliza. Akawa anaandika katika chumba cha kufulia, kila baba alipokwenda kuwatazama wagonjwa. Mwaka 1879 kitabu kikachapwa London, juzuu tatu, kwa jina la Giles Farrant.

Wakati huo Kasisi alikuwa ameshapofuka kwa mtoto wa jicho. Kila siku baada ya chai ya alasiri, Dorcas alimsomea vitabu vya kuazima, vilivyoletwa kwa sanduku kwenye treni. Siku moja akafungua sanduku, akakikuta kitabu chake mwenyewe.

"Kimeandikwa na nani?" baba akauliza.

"Giles Farrant, baba."

"Ndiye nani huyo?"

"Simjui."

"Haya, soma."

Akasoma siku kumi na nane. Kasisi hakusinzia hata mara moja, naye alikuwa mtu wa kusinzia kwenye mahubiri yake mwenyewe. Juzuu ya tatu ilipokwisha, akasema, "Chukua kalamu, mwanangu. Tumwandikie."

Hapa ndipo panaponiuma mimi, wasikilizaji wapendwa. Baba anasema, binti anaandika. Barua inakwenda London kwa mchapishaji, kisha inamrudia binti. Binti anajibu kama Giles Farrant, halafu anakaa kitini na kumsomea baba jibu hilo. Miaka mitatu mizima! Bi Winifred amenionyesha barua moja. Kasisi anasema: "Bwana Farrant, wewe unaujua upweke. Mimi ninaye binti. Ni mwema, lakini hana analosema. Tunakaa chumba kimoja kama wasafiri wasiojuana." Hati ya mkono ni ya Dorcas mwenyewe. Imenyooka, haina doa.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu. Baba ajue kwamba mwandishi ni yeye, na amwambie kwa kinywa chake kwamba kitabu ni kizuri.

Basi Kasisi akaanza kumwalika Bwana Farrant chai. Bwana Farrant akawa na mafua. Bwana Farrant akasafiri. Bwana Farrant akapata mafua tena.

"Mtu gani huyu, kila mwezi mafua?" Kasisi akafoka. "Mwandikie aje Alhamisi. Mwambie asingoje mazishi yangu, chai ya siku hiyo sitaionja."

Dorcas akaamua kusema kweli. Alhamisi hiyo akampa mtumishi ruhusa ya kutoka. Akakata mkate wa zabibu, akaupaka siagi. Akavaa koti, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaizunguka nyumba kwenye matope, akabisha mlango wa mbele. Sentensi yake ilikuwa tayari: Baba, Giles Farrant ni mimi.

"Ingia, bwana!"

Kasisi alikuwa amesimama, amevaa koti lake la Pasaka, ameunyoosha mkono upande usio na mtu. Dorcas akausogelea, akaushika. Kabla hajaitamka sentensi yake, baba akaupapasa mkono wake.

Mkono huo wa binti ndio uliomwongoza kanisani kila Jumapili. Kasisi akaushika, hakuuachia.

"Karibu, Bwana Farrant," akasema mwishowe. "Binti yangu ametoka kidogo. Afadhali. Nina neno la kumwambia, lakini nilishasema jingine mimbarini, mbele ya watu. Leo uso nitauweka wapi? Ukikutana naye, mwambie kitabu chake ni kizuri. Mwambie baba yake alijua tangu juzuu ya kwanza."

Dorcas akasema, "Nitamwambia."

Wakanywa chai. Mgeni akatoka kwa mlango wa mbele, binti akaingia kwa mlango wa jikoni.

"Mgeni alikuja," baba akamwambia. "Umemkosa."

"Bahati mbaya, baba."

Waliishi miaka miwili zaidi, meza moja, chai moja. Hawakuligusa tena neno lile. Kasisi akafa. Dorcas akaandika vitabu vingine vitano, vyote kwa jina la Farrant. Karibu miaka hamsini alikaa peke yake katika nyumba ile.

Bi Winifred aliwahi kumuuliza, "Shangazi, mbona hukumwambia tu, wakati alishajua?"

Akajibu, "Nilikuwa nangoja anikute nyumbani, aniambie mimi, si mgeni."

Pole sana, Bi Winifred, na pole kwa jamaa wote wa Hull. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, fikirini: kuna mtu mnayemsifu kwa majirani, na mwenyewe hajawahi kusikia? Kama yupo hapo nyumbani sasa hivi, usiningoje nimalize. Zima redio, ukamwambie.