Mama Taratibu na Kitengo cha Meno Kisicho na Daktari

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi mwenzetu tunayemwita Mama Taratibu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita. Jina hilo lilitokana na neno analomwambia kila anayeingia kwake akilia: "Taratibu, mwanangu, taratibu." Halikutokana na mwendo wake. Anayemfuata kwenye korido ya kituo chetu cha afya hulazimika kukimbia, na mganga mkuu wa sasa, ambaye zamani alikuwa mwanariadha, amekiri kikaoni kwamba aliachwa kwenye kona ya maabara.

Alianzia wodi ya wazazi. Huko ndiko alikoona akina mama wakijifungua huku wana alama za mkanda mgongoni, na kila mmoja akisema ameanguka bafuni. Siku moja akauliza kwenye kikao ni bafu gani hizo zinazoangusha wajawazito tu. Mwezi uliofuata akapewa chumba mwisho wa korido, pua na mdomo na chumba cha kufulia, aanzishe huduma ya familia zenye matatizo hayo.

Huduma ilianza kwa kishindo. Fundi rangi aliandika kibao cha herufi za buluu: HUDUMA KWA FAMILIA ZILIZOATHIRIWA NA UKATILI, UNYANYASAJI NA KUTELEKEZWA. Kilisomeka vizuri hata kutoka kituo cha basi, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Kwa wiki kadhaa hakuingia mtu, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa akitafuta choo. Kisha akaja mwanamke mwenye jicho lililovimba, akasimama mbali, akamwita pembeni.

"Dada," akamwambia, "kibao chako kinapiga kelele kuliko mume wangu."

Mama Taratibu hakubisha. Alichukua bisibisi, akaking'oa kile kibao mwenyewe, akaenda stoo kuulizia kingine. Mtunza stoo alikuwa na vibao viwili tu. Kimoja kiliandikwa HATARI, UMEME. Kingine kiliandikwa MENO, kwa sababu tuliwahi kuahidiwa daktari wa meno, na kibao kikatangulia. Akachukua cha meno.

Tangu hapo mtaa wetu ukawa na wanawake wagonjwa wa meno kuliko mtaa wowote. Waume waliowanyima wake zao ruhusa ya kwenda hata sokoni waliwaruhusu kwenda kutibiwa jino, maana nani atakaa nyumba moja na mtu anayeugulia jino? Mtu akishaingia mle ndani alipimwa, akatibiwa majeraha, akaonana na mshauri, na akitaka akaonana na askari wa kike aliyekuja bila sare. Kazi yetu mapokezi ilikuwa kuwatenganisha na wagonjwa wa meno wa kweli, na Mama Taratibu alitufundisha namna. Mwenye jino bovu, alisema, hulionyesha kwa kidole kabla hujamuuliza. Asiye nalo hutazama chini. Wa kidole tuliwaelekeza hospitali kubwa ng'ambo ya mji, wakaondoka wakitulaani, na hatukuwa na la kujitetea.

Makao makuu nao wakaona takwimu. Kitengo cha meno kina wagonjwa wengi hivi, na hakijawahi kulalamika kwamba ganzi imeisha? Wakatutumia pongezi kwa matumizi mazuri ya dawa. Baadaye wakatuma kiti cha meno, kipya, kinachopanda na kushuka kwa kukanyaga kidude cha chini. Daktari hawakutuma.

Kiti hicho kilitusaidia kuliko walivyokusudia. Aliletwa mtoto wa kike aliyekuwa amefungiwa ndani na mama wa kambo, na alikuwa hatoi sauti kabisa. Mshauri alijaribu wanasesere, akajaribu rangi, wapi. Mama Taratibu akampakia kwenye kiti, akakanyaga. Mtoto akapanda. Akatazama huku na huku, akasema, "Juu." Kikapanda tena. "Juu tena." Asubuhi nzima hapakufanyika kazi nyingine, na mchana mtoto yule alikuwa akieleza kila kitu kutoka huko juu kama mtu anayehutubia.

Lakini kisa ambacho wafanyakazi wapya husimuliwa kabla hata ya kuonyeshwa choo ni cha msimamizi wa ghala. Alikuwa mtu wa watu, mwenye salamu ndefu, na msibani ndiye aliyebeba viti. Nyumbani alimpiga mkewe, mshonaji, kwa miaka, na sasa alikuwa ameanza kwa mabinti zao wawili. Mke alishatoa maelezo polisi, hifadhi ilishapatikana mbali na hapa, na siku ya kuondoka ilishapangwa. Asubuhi hiyo yeye na mabinti walikuwa chumba cha ndani, chenye mlango wa kutokea kwa mfua nguo. Dereva wa gari la wagonjwa, tunayemwita Breki kwa sababu hazitumii, alikuwa akisubiri nyuma.

Ndipo mume akatokea mapokezi. Alitusalimia wote, akaulizia hata afya za wazazi wetu, kisha akaegemea dirisha.

"Mke wangu anatibiwa meno hapa mwaka wa pili huu," akasema kwa upole. "Jana nimemhesabu akiwa amelala. Yako yote. Sasa nataka nimwone huyo daktari."

Mama Taratibu alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Akauvuta mlango wa chumba cha ndani ukafungika, akaja na uso mkunjufu kama anayempokea mkwe.

"Karibu, baba. Tumekusubiri muda mrefu. Ugonjwa wa fizi huu huambukizana nyumbani, na mwenye nyumba huwa ndiye wa mwisho kujua. Njoo uketi."

Mtu aliyekuja kwa shari akajikuta ameongozwa chumbani na kuketi kwenye kiti cha meno. Mama Taratibu akakanyaga kidude mpaka viatu vya bwana vikaning'inia. "Fungua mdomo," akasema. "Zaidi. Usiufunge, utameza wadudu." Kisha akawasha tochi, akaanza kuhesabu meno kwa sauti kubwa, moja baada ya jingine, ili walioko ndani wajue yuko wapi na anafanya nini.

Huko nyuma mfua nguo aliwaingiza mabinti kwenye toroli, akawafunika mashuka machafu. Akamvika mama yao aproni yake na kilemba chake, akamwambia asukume. Njia ya kwenda kwenye gari ilipita mbele ya mlango wa Mama Taratibu, na mlango huo ulikuwa wazi. Toroli lilipofika hapo, binti mdogo akapiga chafya ndani ya mashuka. Mfua nguo, aliyekuwa nyuma yao, papo hapo akaanza kupiga chafya zake, mfululizo, mpaka wagonjwa kwenye mabenchi wakasogea. Mume alitaka kugeuza shingo. Mama Taratibu akamshika kidevu.

"Jino hili linanitia wasiwasi, baba."

Wakapita. Tulisikia mlango wa gari ukifungwa. Breki alikuwa ameagizwa aondoke kimyakimya, lakini furaha ilimzidi, akawasha king'ora. Msimamizi wa ghala, mdomo wazi, akauliza kwa sauti ya mtu asiye na ulimi ile ni nini.

"Kuna mtu anaokolewa," Mama Taratibu akamjibu. "Fungua vizuri."

Askari tuliowapigia simu walipofika kumchukua, ilibainika kwamba kiti hakishuki. Kidude kilikwama. Bwana yule, aliyekuwa hodari wa kurusha meza, akasema ana kizunguzungu cha kimo na hawezi kuruka. Askari wawili wakakaa benchi chini yake kumsubiri fundi. Alisomewa haki zake akiwa huko juu. Wakati huo wote Mama Taratibu alikuwa akijaza karatasi ya rufaa, maana alikuwa amegundua kwamba gego la nyuma la bwana lilikuwa limeoza kweli. Askari mmoja alinung'unika kwamba mtu wa namna hiyo aachwe augue. "Jino halina kesi," Mama Taratibu akasema, akahakikisha ameandika hospitali ile ya ng'ambo ya mji.

Kiti kiliposhuka na watu wakaondoka, tulimkuta ameketi sakafuni kwa mfua nguo, mgongo kwenye mashine. Mfua nguo alikuwa akimshikia kikombe cha chai. Alituambia tusicheke kwanza. Tukangoja. Alipomaliza chai akaanza yeye kucheka, na hapo ndipo na sisi tukavunjika mbavu.

Si wote waliofika kwenye gari. Yupo aliyeaga kwamba atarudi Jumatatu, akarudi nyumbani kuchukua nguo za mtoto, na Jumatatu hatukumwona. Mama Taratibu alikwenda kwenye maziko yake, akasimama nyuma kabisa. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakumruhusu mtu yeyote kurudi kwao kwa ajili ya nguo. Kabati lake likajaa nguo za watoto za kila kimo, nyingine akizishona mwenyewe, vibaya.

Ni haki pia kutaja kisa cha babu aliyetelekezwa. Alikuwa na wana watatu wazima, wenye kazi zao, na kila mmoja aliamini babu anakula kwa mwingine. Mama Taratibu aliwaita wote kwa wakati mmoja, akawaketisha, akamwingiza mzee wao akiwa mifupa mitupu, kisha akatoka akafunga mlango. Walisemana wenyewe mpaka wakalia. Haukupita muda mrefu, babu akarudi peke yake kushtaki. "Wananishindilia," alisema. "Nikimaliza kwa huyu, yule yuko mlangoni na sahani." Shauri hilo lilipokelewa na kushughulikiwa kama mashauri mengine yote.

Wiki iliyopita, mchana, mabenchi yakiwa yamejaa, aliingia mwanamke mwenye gauni alilojishonea, pamoja na mabinti wawili waliokwisha kumpita kimo. Walikuwa wamesafiri kuja kumuaga. Mumewe wa zamani alihukumiwa, alitumikia kifungo chake, na hajui wanakoishi. Tulimnong'oneza mgeni huyu aongee polepole. Hakuongea polepole.

"Naulizia chumba cha wanawake wanaopigwa," akasema, mabenchi yote yakasikia. "Nilikuwa mmoja wao. Nimekuja kumshukuru aliyenitoa."

Mama Taratibu alikwisha kutokea mwisho wa korido, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu alikuwa akitembea taratibu. Wale watatu wakaenda kumlaki. Kwenye benchi la nyuma, mama mmoja kijana aliyekuja, kwa maelezo yake, kwa ajili ya kikohozi, akainuka, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akawafuata.

Mama yetu, asante kwa kazi, kwa vicheko, na kwa mara zote ulizobisha hodi kwenye nyumba ambazo sisi tuliogopa hata kupita mbele yake. Tunakuombea afya, asubuhi ndefu kitandani, na wajukuu wakaidi wa kukuweka macho. Uishi salama, na usiwe na haraka.