Selipher Ayuma Aliyezikataa Kura za Maoni

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti. Aliye jikoni apunguze moto, sufuria haitakimbia. Leo tunamkumbuka Selipher Ayuma wa Emuhaya, aliyetutoka wiki tatu zilizopita kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Selipher Ayuma. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani Riyadh, kisha Jeddah. Marekani hakuwahi kufika. Lakini asubuhi moja ya mwaka 2016 aliwaumbua wasomi wa siasa za Marekani sebuleni, akiwa ameshika sinia ya kahawa.

Msicheke bado. Sikilizeni kwanza.

Selipher aliondoka nyumbani Julai 2014. Mwanawe, Wesley, alibaki kwa nyanya yake. Rispah, dadake Selipher, alikuwa ametangulia Riyadh mwaka mmoja kabla. Shikeni hapo: dada wawili, mji mmoja. Kutoka nyumba ya waajiri wa Selipher hadi ya Rispah ni dakika ishirini kwa gari. Rispah alikuwa na Ijumaa moja ya mapumziko kila mwezi. Selipher hakuwa na hata moja, wala hakuruhusiwa wageni. Kwa miaka miwili na miezi minne, dada hawa hawakuonana uso kwa uso. Dakika ishirini, wasikilizaji!

Madam wake aliitwa Daktari Nada. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, na somo lake lilikuwa vyama vya Marekani na namna Wamarekani wanavyopiga kura. Mamake Nada, Bi Mashavu, alitoka Unguja akiwa msichana mwaka 1964, na Kiunguja chake hakijamtoka kinywani hadi leo. Kwa hiyo nyumba ile ilizungumza Kiswahili, na Selipher alisikia kila neno. Watu husahau kwamba anayepiga deki ana masikio.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Nada alimwuliza, "Selipher, uko sawa?" Kila Ijumaa Selipher akajibu, "Niko sawa, madam." Nada akaridhika. Mtaalamu mzima wa maoni ya watu, na akaridhika! Pasipoti ya Selipher ilikuwa kabatini mwa Nada, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Nada huyo huyo.

Ikafika Novemba 2016. Mambo mawili yaligongana. La kwanza, mume wa Nada alipata kazi bandarini Jeddah, na familia ingehama Januari. Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni karibu kilomita elfu moja. Selipher asipomwona dadake kabla ya Januari, basi tena. La pili, Marekani ilikuwa inachagua rais.

Siku moja kabla ya uchaguzi, Nada alibandika ramani ya Marekani ukutani. Majimbo ya Republican yalipakwa nyekundu, ya Democratic buluu. Selipher ndiye aliyeshika gundi. Nada alikuwa akimweleza mamake kuhusu Pennsylvania, Wisconsin na Michigan. Kule viwanda vimefungwa, alisema, lakini watu wameirithi Democratic kutoka kwa baba zao, na kura za maoni zinaonyesha hawatahama.

Selipher akauliza, "Madam, hao watu huulizwa na nani?"

"Wanapigiwa simu. Watu wa ofisini, wataalamu."

"Na hao wa ofisini, ni watu wao?"

"Si lazima. Kwani vipi?"

"Basi wengine wamedanganya," Selipher akasema. "Hata kwetu mtu huvaa kofia ya chama hiki na kupigia kile. Mtu anakula sukari ya mheshimiwa, anamwimbia, akiingia kwa kibanda cha kura anafanya yake."

Nada akacheka. "Huko ni kwenu. Marekani watu husema wanachofikiri. Hawaogopi."

Hapo ndipo Selipher alipoweka gundi chini. Rispah anatuambia dadake alimsimulia jambo hili mara nyingi. Alisema, "Madam, wewe huniuliza kila Ijumaa kama niko sawa. Mimi hukudanganya kila Ijumaa."

Nada akamtazama kama aliyemwagiwa maji. "Hauko sawa?"

"Sijapumzika siku moja tangu nije. Dada yangu yuko hapa hapa Riyadh na sijamwona."

"Halas, basi, Selipher. Rudi jikoni."

Bi Mashavu akadakia kutoka kwenye kiti chake, "Mtoto kasema kweli, nawe umechukia! Ndo hayo masomo uliyosomea?" Lakini Selipher alikwisha kurudi jikoni. Aliosha vyombo visivyo vichafu. Aliamini amejiharibia. Angeweza kurudishwa kwa ajenti aliyemleta, au kupelekwa nyumba nyingine yenye watu wabaya zaidi, na asimwone Rispah kabisa.

Asubuhi ya Jumatano wageni walikuja kutazama matokeo, wahadhiri wanne, wanawake wenzake Nada. Kule Marekani bado ulikuwa usiku. Riyadh jua lilikuwa limeshapanda. Walikuja na keki. Kufikia saa tatu na nusu hakuna aliyeigusa. Pennsylvania ilikwenda Republican. Saa moja baadaye, Wisconsin. Mmoja wa wageni akauliza kwa Kiarabu ni nani duniani aliyeliona hili likija. Bi Mashavu akanyoosha kidole, "Huyu hapa, mwenye sinia."

Wanawake wanne wakageuka. Nada akamwuliza, mbele yao wote, "Ulijuaje?"

Angeweza kujidai nabii. Hakujidai. Alisema, "Sikujua nani atashinda, madam. Nilijua tu mtu hamwambii ukweli mwenye kushika funguo."

Nada akatafsiri maneno hayo kwa wageni, neno kwa neno. Huo ni uungwana, na tunampa haki yake. Kisha akamgeukia, "Haya, leo nakuuliza kweli. Unataka nini?"

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo Selipher Ayuma alipokuwa Selipher Ayuma. Alisema, "Sitajibu. Nipe pasipoti yangu kwanza, halafu uniulize."

Mbele ya wageni! Na sinia mkononi!

Siku tatu Nada hakumsemesha. Siku tatu Selipher alipika na kufua bila kujua kama amefukuzwa. Siku ya nne Nada alikuja jikoni, akaweka pasipoti juu ya meza kando ya vitunguu, akauliza. Selipher akajibu, "Nataka Ijumaa. Kila Ijumaa. Na ya kwanza naenda sokoni Batha kumwona dada yangu."

Rispah anaikumbuka siku hiyo. "Alinikuta nje ya duka la vitambaa. Alinishika mikono, akaanza kuangalia vidole vyangu kimoja kimoja, kama mama anayeangalia mtoto. Tulilia mpaka mwenye duka akatuletea viti. Halafu tukanunua kuku, tukala na mikono tukicheka."

Januari Selipher alihamia Jeddah, pasipoti ikiwa kwenye mkoba wake mwenyewe. Kila Ijumaa alikwenda mtaa wa Al-Mahjar kukaa na wanawake wenzake, akiwafundisha namna ya kudai siku ya mapumziko. Si wote waliofanikiwa. Mmoja alirudishwa nyumbani kwa kudai, na Selipher alilia naye uwanja wa ndege. Lakini hakuacha. Alirudi Emuhaya mwaka 2019.

Daktari Nada ametuandikia kutoka Jeddah. Anasema wataalamu wametaja sababu nyingi za mwaka ule: kuna walioamua dakika za mwisho, na wasio na elimu ya chuo hawakuhesabiwa vya kutosha katika kura nyingi za maoni. "Kuhusu Marekani, Selipher alipatia kidogo tu," anaandika. "Kuhusu mimi, alipatia yote. Nawaambia wanafunzi wangu hivyo kila mwaka."

Wiki mbili zilizopita tulimzika. Mheshimiwa mmoja alifika, kama wafanyavyo, akashika kipaza sauti juu ya jeneza. "Watu wa Emuhaya, tuko pamoja?" Umati ukaitikia, "Tuko pamoja!" Rispah, ambaye hata kanisani huimba kwa kunong'ona, akasimama, akamwendea na kuchukua kipaza sauti mkononi mwake.

"Mimi siko pamoja na wewe," alisema. "Wasichana watatu wa kata hii wako Uarabuni na simu zao hazishiki. Tumekuletea majina mara mbili." Akayasoma: Maryann, Susan, Damaris. Akayasoma tena, polepole. Na katika umati ule ule uliokuwa ukiitikia, mama mmoja akasema, "Hata mimi siko," na mwingine, na mwingine.

Tunatoa pole zetu kwa mama mzazi wa Selipher, kwa Wesley, kwa Rispah, na kwa Bi Mashavu, aliyelia kwenye simu hadi tukalia naye. Tujiulize sote, wenye nyumba na wenye vyeo: wanaotuitikia ndiyo, tumewashikia nini kabatini?

Mungu ampumzishe Selipher Ayuma. Wewe mheshimiwa, usipumzike.