Shimo Mbele ya Lango la Festus

Liko jambo ambalo familia haijalielewa hadi leo, kwamba marehemu Kamene Kilonzo, aliyewaachia wananchi wachague mahali pa kupima kila barabara aliyoikagua, alichagua mwenyewe mara moja tu, na akachagua mbele ya lango la kaka yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kangundo, akasoma shule ya msingi nyumbani na sekondari mjini Machakos, kisha akajifunza ujenzi wa barabara Nairobi, na mwaka 1974 akaajiriwa kuwa mkaguzi wa barabara za serikali. Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa kanisani na Mwalimu Josphat Kilonzo, wakajaliwa watoto wawili, Mutheu na Musili.

Kabla ya kutia sahihi kwamba barabara imekamilika, aliwaita wanaoitumia, akawaeleza unene wa murram, ule udongo wa changarawe unaotandazwa juu ya barabara, uliokubaliwa katika mkataba, akakata kijiti cha kipimo hicho, nao wakaamua pa kuchimba. Makandarasi walinung'unika, wakubwa wakamhamisha, naye kila alikopelekwa alikata kijiti kingine.

Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, barabara yetu ilitengenezwa upya, na murram ikaletwa na malori ya kaka yake, Festus Ndeti. Siku ya kupima watu walisita, kila mmoja akitazama viatu vyake, ndipo marehemu akaelekeza jembe langoni.

"We Kamene, barabara hii yote, umeona kwangu tu?" Festus aliuliza.

Marehemu akampa kijiti. "Kaka, pima wewe."

Kijiti kilichomoza juu ya shimo mbele ya watu wote; murram ilikuwa pungufu. Festus alirudisha malori, akamwaga murram upya, na ndiyo barabara iliyowaleta leo bila kukwama, lakini kwa miaka mingi hakukanyaga kwa dada yake. Wako wanaosema alimwaibisha, wako wanaosema alimwokoa, na sisi hatujui.

Mwaka 2005 figo zilianza kumsumbua marehemu, na siku moja Festus akafika bila kuitwa, akampeleka hospitali kwa lori lake, akaendelea hivyo hadi alipotuacha Ijumaa, tarehe 9 Februari 2007.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, majirani, na Bwana Yahye wa sokoni aliyetuletea mbuzi bila kuombwa.

Jumanne familia iliamua kaburi lichimbwe na Festus. Amelichimba asubuhi hii pamoja na wapwa zake, na alipomaliza akakata kijiti, akawaita majirani wachague kona ya kupima.

Pumzika, Kamene. Kazi imekaguliwa.