Ufagio wa Zulhumor

Ndugu waombolezaji, adhuhuri inatukimbilia na kaburi liko wazi, kwa hiyo nitasoma haraka; marehemu ni dada yangu.

Zulhumor binti Ergash alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 hapa Margilon, akasoma shule ya mtaani kwetu kuanzia 1965 hadi 1975, akichapwa karibu kila asubuhi kwa kuchelewa, kwani usingizi haukumjia mpaka kupambazuke, na mama alihangaika na kila dawa, hakuna iliyofua dafu. Mwaka 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha hariri, akaomba zamu ya jioni, ile inayoisha saa sita usiku.

Tarehe 12 Oktoba 1979 aliolewa na Tursunboy, na hapo ndipo wasiwasi ulipomvaa, kwa sababu mkamwana asiyefagia ua na mbele ya lango kabla ya jua, nyote mnajua anavyosemwa. Zulhumor alifagia kila siku, mavyaa yake, Bi Rohat, akawatambia majirani, "Mkamwana wangu huamka kabla ya jogoo!" Hakuamka, alikuwa hajalala. Alifagia, akachemsha chai, ndipo akaenda kitandani, na Tursunboy akamfichia siri.

Walijaliwa wana wawili wa kiume, na mwaka 1994 binti, Nafosat, aliyerithi usingizi ule ule. Nafosat aliolewa Mei 2017, Septemba mavyaa yake, Bi Oysuluv, akamrudisha kwa kutoamka kufagia, akisema, "Shikeni gogo lenu!" Tangu hapo Zulhumor hakutulia, alijilaumu kwamba aibu ilimzuia kumwonya mwanawe. Februari 2018 walikwenda Tashkent wakatolewa damu, madaktari wakakuta kwa wote wawili jeni iitwayo CRY1 imebadilika, protini yake inaikawiza saa ya mwili kupita kiasi. Akarudi na karatasi ya majibu, akawakusanya majirani pamoja na Bi Oysuluv, akasema, "Miaka thelathini na minane mmenisifia uongo. Kama mwanangu mvivu, nichekeni mimi kwanza." Bi Oysuluv aliondoka bila kumaliza chai, siku ya tatu akaja kumchukua Nafosat.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akafariki jana, tarehe 9 Mei 2023, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wenzake wa kiwandani. Tunamshukuru pia Bi Oysuluv, ambaye leo alfajiri, Nafosat akiwa ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi, nimemkuta akifagia ua huu kwa ufagio wa marehemu, akinyata asimwamshe.

Dada, ua umeshafagiwa. Lala, hakuna tena wa kukugongea mlango uamke, pumzika kwa amani.