Fundi Aliyeongea na Skrubu

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna kitu motoni, kiepueni kwanza, kisha mkae karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa vyerehani. Si fundi wa kushona, jamani. Ni fundi aliyewatengenezea washonaji mashine zao. Alizikwa wiki iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mjane wake ametuomba tusimwage sifa tu, tuseme na lile linalomchoma moyo. Kwa hiyo habari hii tutaipitia kwa macho yake.

Walipooana, chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Meza chini ya dirisha, kopo la mafuta, bisibisi zimepangwa kwa urefu. Asubuhi ya kwanza bibi harusi alikuwa chumba cha pili akikunja nguo. Akasikia mumewe anazungumza, akadhani kuna mgeni.

"Wewe mjomba, toka polepole. Umetoka kushoto, lala kushoto. Na wewe mdogo mtu, mfuate kaka yako. Mkwe, wewe sikugusi. Nakuheshimu."

Akachungulia. Hapakuwa na mtu. Mjomba ni skrubu kubwa. Mkwe ni ile springi inayokaza uzi, maana ukiishika vibaya inanuna, na mashine nzima inanuna nayo. Mke alicheka mpaka akakaa chini.

Shikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Fundi huyu aliongea na vyuma. Aliongea kuanzia skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho. Na mashine ikitoka mezani kwake, hairudi. Mtaa ulimwita Kasuku, naye aliitika bila kinyongo.

"Kasuku anakariri ya watu," alikuwa akisema. "Mimi nasema yangu."

Mambo yaligeuka binti yao alipoposwa. Jirani alimvuta mama pembeni.

"Dada yangu, hao wazee wa posa wakija wakamkuta mumeo anasalimiana na vyuma, si watasema ukoo una wazimu? Na wazimu wajukuu huurithi."

Mama si mgomvi. Ni mtu wa sala, mtu wa kupima neno. Lakini neno la jirani lilimwingia kama mwiba. Siku ya wageni akasimama mlangoni mwa karakana.

"Baba watoto, nakuomba. Ukifanya kazi, funga mdomo. Unatutia aibu."

Fundi akashusha bisibisi. "Aibu?"

"Watu wanasema umechanganyikiwa."

"Na wewe unasemaje?"

Mama hakujibu. Mjane anasema jibu lile asilolitoa humsimamia mbele kila anapopiga magoti.

"Haya," fundi akasema. "Nimesikia."

Na kweli alisikia. Posa ikapokelewa, harusi ikapita. Mama alitaka anyamaze siku ya wageni tu, lakini hakusema hivyo. Mzee akanyamaza moja kwa moja.

Mwanzoni mama aliona raha. Nyumba imetulia. Kisha mashine zikaanza kurudi. Mshonaji mmoja, mwanamke mwenye mdomo wake, akakitua cherehani mezani.

"Fundi, hiki kinaruka mshono kama mbuzi. Ulikifunga huku umelala?"

Fundi akacheka kidogo, akakifungua upya. Alipomaliza kukifunga, skrubu moja ilibaki mezani. Akaitazama muda mrefu. Jambo hilo halikuwa limewahi kumtokea.

"Mama watoto," akasema, "akili imeniishia. Nikikitoa kitu nasahau kimetoka wapi."

"Ni uzee tu," mama akamjibu. "Tushukuru una afya."

Akaamini. Mtaa nao ukaamini. Wateja wakahamia kwingine, na bisibisi zikashika kutu.

Baadaye mjukuu wa kike akaletwa kukaa nao. Alikuwa hajaanza shule bado. Alipenda kukaa sakafuni akitunga shanga. "Nyekundu, njoo. Sasa nyeupe. Wewe kubwa ngoja, siyo zamu yako." Bibi alikuwa anasoma kitabu chake cha dini.

"Mjukuu wangu, hebu nyamaza kidogo."

Mtoto akatii. Haukupita muda, shanga nyekundu zikafuatana. Akazitoa, akaanza upya, akakosea tena. Mwisho akalia.

"Bibi, nimepotea."

Bibi akafunga kitabu. Akageuka kumtazama mumewe, amekaa mbele ya meza tupu, mikono mapajani. Hapo ndipo alipoelewa. Mtoto alikuwa akifikiri kwa mdomo. Na mzee naye, miaka yote ile, alikuwa akifikiri kwa mdomo. Yale maneno hayakuwa wazimu. Yalikuwa njia ambayo akili yake ilipita, na aliyeiziba njia ni yeye.

Hakumwambia siku ile. Aliona haya. Akasema kesho, na kesho ikazaa kesho. Fundi alipoanza kuugua kifua, ndipo mama akaleta cherehani chake mwenyewe, kile cha kutilia viraka, akamshikisha bisibisi.

"Ongea nacho," akamwambia. "Nilikukosea. Hukuwa umechanganyikiwa. Ulikuwa unafikiri."

Fundi akalegeza skrubu. Midomo ikafunguka. "Wewe mjomba..." Kisha akatazama mlangoni, kuona nani anasikia. Mama akaufunga mlango. Fundi akaanza tena, akatazama dirishani. Mama akafunga dirisha. Wakabaki wawili tu katika kile kiza. Fundi akamtazama mkewe, na bado neno halikutoka.

"Nikitaka kusema," akamwambia taratibu, "nasikia kwanza watu watakavyosema."

Akaweka bisibisi chini, akampapasa mkono. "Usilie, mama. Hukujua."

Mjane ametuambia hivi: "Afadhali angenigombeza. Kusamehewa nimesamehewa. Lakini nilichokifunga mimi, hata msamaha wake haukukifungua."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, tunampa pole binti, tunampa pole mjukuu. Mungu awatie nguvu. Nasi tujiulize: nyumbani mwetu ni nani tuliyemnyamazisha, kisha tukamwita mzito wa akili?

Mjukuu bado anatunga shanga katika chumba kile cha mbele, na kutwa nzima anaongea. Juzi jirani alichungulia kutoa pole, akauliza mtoto anazungumza na nani.

"Yuko kazini," bibi akamjibu. "Mpishe."