Tamima Thuwein Hafidh, Aliyeandika Daftari la Mama

Bismillahi Rahmani Rahim. Mashehe wetu, wazee wetu, mama zetu mlioko upande wa ndani, majirani wa hapa Jadida, na nyote mliotoka Msuka, Wesha na Chake kuja kutushika mkono, Assalaam alaykum. Mimi ni Maher Thuwein, kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kueleza maisha ya dada yetu. Nitayaeleza kama yalivyokwenda, na pale sauti yangu itakapopanda naomba mnisamehe, maana yapo mambo humu ambayo sijui namna ya kuyasema kwa upole.

Marehemu Tamima alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, hapa Wete, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Thuwein Hafidh, aliyekwishatangulia mbele ya haki, na Bi Asma Soud, mama yetu, ambaye yupo ndani nasi leo. Alianza skuli ya msingi mwaka 1992, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002 na kidato cha sita mwaka 2005, na katika darasa lake la hesabu walikuwa wasichana wawili tu, naye ndiye aliyekuwa akiwasahihishia wenzake kabla mwalimu hajafika. Mwaka huohuo wa 2005 alikwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya sayansi ya kompyuta, akahitimu mwaka 2008, akaajiriwa hukohuko na kampuni iliyokuwa ikitengeneza programu za mabenki, akakaa nayo miaka mitatu na kupandishwa cheo mara mbili.

Mwezi wa Septemba mwaka 2011 mama yetu alipatwa na kiharusi, na Tamima akarudi. Wakubwa wake wa Dar walimwandikia mara tatu wakimtaka arejee, na rafiki zake walimwambia kwamba mtu wa fani yake akijifungia Pemba amejizika mzima, naye aliwajibu kwamba mama yake hawezi kuogeshwa kwa simu. Tarehe 9 Januari 2012 aliajiriwa kuwa mtaalamu wa programu katika hospitali moja ya kisiwani hapa, ambayo familia tumekubaliana tusiitaje jina, kwa sababu wapo waliotoka huko na leo ni wageni wetu.

Tarehe 8 Februari 2013 alifunga ndoa na Mwalimu Soud Haroub wa Msuka, mwalimu wa hesabu, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto wawili, Nahla aliyezaliwa mwaka 2014 na Ashraf aliyezaliwa mwaka 2017.

Sasa niseme kuhusu kazi yake, maana ndiyo iliyomla. Barua yake ya ajira ilisema mtaalamu wa programu, lakini printa ikikwama aliitwa yeye, panya wakitafuna waya aliitwa yeye, umeme ukirudi kwa kishindo na kuunguza mashine tatu kwa mpigo lawama ilikuwa yake, na mkubwa mmoja alimtoa kwenye mkutano ili amfutie picha kwenye simu iliyojaa. Siku moja alikuja hapa nyumbani, akavua viatu, akaniuliza, "Kaka Maher, hivi mie nilisomea nini?" Nilicheka, nikidhani anafanya mzaha, na leo natamani ningekaa chini nikamjibu.

Alipokuwa na mimba ya Nahla, akikaa kwenye mabenchi ya kliniki pamoja na kina mama wengine, aliona wakunga wakinakili habari za mama mmoja kwenye vitabu vitano tofauti, na aliona mama akirudishwa nyumbani kwa sababu kitabu chake hakionekani. Baada ya arubaini yake ya uzazi alianza kuandika programu, hakutumwa na mtu, akikaa saa za mapumziko na mkunga wetu Bi Mwanakhamis, anayejulikana na nusu ya waliozaliwa upande huu, akimuuliza unaandika nini kwanza, unatafuta nini mama akija anavuja damu, kitu gani huwezi kukisubiri. Programu hiyo aliiita Daftari la Mama. Mtandao ukikatika iliendelea kufanya kazi, umeme ukikatika iliendelea kwa betri, na mambo yakitengemaa ilipeleka habari zake yenyewe. Kuanzia mwaka 2015 ilitumika katika vituo kumi na kimoja, kwa miaka minane, na Tamima hakupata hata cheti cha karatasi.

Mwaka 2023 uliletwa mfumo mpya, wa wakandarasi wa mbali, na Daftari la Mama likaamriwa lifungwe. Tamima hakuupinga mfumo mpya kwa kuwa si wake, na hili nataka lisikike, kwa sababu limesemwa vingine. Aliupinga kwa jambo moja, kwamba ulikuwa ukimtambua mgonjwa kwa majina yake matatu na mwaka wa kuzaliwa, na sote hapa tunajua ni wangapi kati yetu wanaochangia majina yote matatu. Daftari lake lilikuwa linauliza shehia na jina la mama mzazi. Alisimama kwenye mkutano akasema kwamba habari za watu wawili zitaingiliana na kuwa za mtu mmoja, na Mkuu wa kitengo akamjibu mbele ya watu, "Bi Tamima, weye umekizowea kidaftari chako. Dunia inakwenda mbele." Wiki iliyofuata alihamishiwa chumba cha vifaa, kushughulikia printa na wino. Mtu mwenye shahada, mwenye miaka kumi na tano ya fani, alikabidhiwa wino.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2024 aliletwa wodini mama mmoja kutoka Msuka, Bi Ummkulthum, ambaye ameniruhusu nimtaje, akiwa na uchungu wa siku mbili, homa kali na degedege, hajitambui, amefikishwa na majirani wasiojua habari zake. Mfumo ulionesha kwamba hana dawa inayomdhuru, na sindano ilikuwa tayari imekwishavutwa. Bi Mwanakhamis aliutazama uso ule, akakumbuka mama aliyewahi kuvimba mpaka koo likaziba, akampigia simu Tamima, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya printa.

"Bi Tamima mwanangu, lile daftari la zamani lipo?"

"Lipo stoo. Kuna nini?"

"Nitafutie Ummkulthum wa Msuka, upesi, na sindano naizuia."

Tamima alikimbia, akaiwasha mashine ya zamani, akawakuta Ummkulthum wawili wenye majina matatu yaleyale na mwaka uleule, mmoja wa Wesha na mmoja wa Msuka, na huyu wa Msuka ndiye aliyeandikwa kwamba sindano ya aina ile nusura imuue mwaka 2019. Mfumo mpya ulikuwa umewafanya mtu mmoja, ukachukua habari za yule wa Wesha. Dawa ikabadilishwa, mama akapelekwa kwenye upasuaji, na leo hii Bi Ummkulthum amekaa na mama zetu ndani, na mtoto wake anatembea.

Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 19 Juni, Tamima alipewa barua. Haikuwa ya shukrani. Ilikuwa barua ya onyo, kwa kosa la kuhifadhi taarifa za wagonjwa nje ya mfumo rasmi, na nakala yake ikawekwa kwenye jalada lake. Nakala ile ya stoo, enyi ndugu, ilihifadhiwa kwa maagizo ya maandishi kwamba daftari la zamani litunzwe miaka miwili, na maagizo hayo yalisainiwa na mkono uleule uliosaini onyo. Ninayo karatasi hiyo hapa mfukoni, na anayetaka kuiona ataiona.

Tamima alijibu kwa maandishi mara tatu, akiomba mambo mawili tu, barua ifutwe na majina yarekebishwe. Hakujibiwa. Basi yeye na Bi Mwanakhamis wakakaa wakaoanisha daftari la zamani na mfumo mpya, jina kwa jina, wakapata mama mia mbili na kumi na wawili ambao habari zao zimechanganyika na za wengine, wakawapigia simu mmoja mmoja na kuhakikisha. Orodha hiyo ilipokelewa, ikaingizwa kwenye mfumo, na tarehe 24 Aprili mwaka huu wa 2025 ikafanyika sherehe ya kuwapa wakandarasi vyeti kwa maboresho waliyoyafanya. Tamima aliitwa kwenye sherehe hiyo, ndiyo, aliitwa aje afunge projekta, na wakati vyeti vinatolewa alikuwa amesimama ukutani, ameshikilia waya uliokuwa ukilegea, ili picha isikatike.

Mwezi wa Juni, baada ya miezi mingi ya uchovu aliouita uchovu wa kazi, madaktari waligundua kwamba figo zake zote mbili zimechoka. Alipelekwa Unguja kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, na mumewe aliomba likizo asiondoke ubavuni mwake. Siku moja ya Oktoba, akiwa amelala na mipira mkononi, simu ililia, ni Mkuu wa kitengo, anauliza neno la siri la seva, maana seva imezima na hakuna mwingine anayelijua.

Shemeji yetu alisema, "Mkatie! Waliokupa onyo watafute wenyewe!"

Tamima alimwambia, "Soud, wodini kuna watu, na watu hao hawajanikosea kitu," akalitaja neno lile, herufi kwa herufi, mara mbili, kwa sababu upande wa pili walikosea kuliandika. Hakuulizwa anaendeleaje.

Alifariki dunia Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arubaini na mmoja, na tulimzika siku ya pili yake hapa kwetu. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Katika salamu za rambirambi zilizotufikia kutoka ofisini kwake, marehemu ameitwa msaidizi wa vifaa. Tunazipokea salamu, neno hilo hatulipokei. Dada yetu alikuwa mtengenezaji wa programu. Na leo, kabla hatujaanza hitma, Mkuu wa kitengo alinifuata mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Maher, yakhe, habari ya ile barua iruke, msiba si mahali pake." Nilimwambia aingie, akae, asikilize. Ameingia, amekaa, na namshukuru kwa hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Unguja, waliomhudumia miezi mitano bila kuchoka, tunawashukuru majirani wa Jadida waliopika, waliochimba na waliolala nasi, na wanafunzi wa Mwalimu Soud waliomsomea dua. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wote waliofika, na kwa namna ya pekee Bi Mwanakhamis na wakunga kumi na wanne waliotia saini zao, jana, kwenye maombi ya kuitaka hospitali iifute ile barua, wakijua fika kwamba nao wana majalada yao. Jumatatu nitayapeleka mwenyewe, kwa mkono, na nitangoja pale pale mpaka yagongwe muhuri wa kupokelewa.

Tamima, ulidai haki yako kwa adabu mpaka pumzi ilipokwisha, na kuidai sasa kumebaki kwetu sisi. Wewe umemaliza. Mola akupanulie kaburi lako, upumzike kwa amani.